Asilimia 50 Isiyokuwapo: Runinga ya Masomo na Mtoto wa Shule Nyumbani

Kila shule zinapofungwa, wazazi huwauliza wataalamu wa elimu swali moja: mtoto atazame vipindi vya masomo kwa saa ngapi kwa siku, na katika kituo kipi? Swali hilo limejibiwa mara nyingi, na bado hurudi kwa sura ileile, kwa sababu chini yake ipo imani ambayo jibu la saa au la kituo haliwezi kuigusa. Imani hiyo ni kwamba picha yenye sauti huliingiza somo kichwani kwa nguvu yake yenyewe, mradi mtoto ameketi mbele yake na ametulia. Anayeamini hivyo hana budi kuuliza saa, kwa kuwa anaihesabu elimu kama maji yanayojaza pipa, na pipa hujaa kwa kadiri bomba linavyoachwa wazi. Mjadala wa saa hauna maana kabla imani hiyo haijaondolewa.

Imani yenyewe ina takwimu zake, na takwimu hizo ndizo zinazoipa heshima isiyoistahili. Husemwa kwamba mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachokisoma, asilimia 20 ya anachokisikia, asilimia 30 ya anachokiona, asilimia 50 ya anachokiona na kukisikia kwa pamoja, asilimia 70 ya anachokisema, na asilimia 90 ya anachokitenda. Orodha hii hutajwa katika semina za walimu, katika matangazo ya bidhaa za elimu na katika mazungumzo ya wazazi, na mara nyingi huambatana na mchoro wa piramidi au koni wenye rangi nzuri. Mzazi anayeipokea hufikia hitimisho la wazi, kwamba runinga, ambayo huonekana na kusikika, ina nguvu mara tano ya kitabu, na kwamba mtoto aliyetazama somo la sayansi kwa saa moja amemshinda mwenzake aliyehangaika na sura moja ya kitabu. Takwimu hizo si za kweli, na kasoro yake si ya kukosea hesabu kidogo, kwani hakuna utafiti wowote unaofahamika uliozizaa.

Mchoro huo wa koni ni wa Edgar Dale, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, aliyeuchapisha mwaka 1946 katika kitabu chake kuhusu kufundisha kwa vifaa vya kuona na kusikia. Dale alipanga aina za uzoefu kuanzia kitendo halisi, alichokiweka chini kwenye kitako cha koni, hadi maneno matupu, aliyoyaweka kwenye ncha, akitaka kuonyesha jinsi uzoefu unavyosogea kutoka vitu vinavyoshikika kwenda mawazo yasiyoshikika. Hakuweka asilimia hata moja, na aliwatahadharisha wasomaji wasiuchukue mchoro wake kama ngazi ya ubora ambamo kila kilicho chini ni bora kuliko kilicho juu. Asilimia zenyewe zilionekana mwaka 1967 katika jarida la watu wa filamu na vifaa vya kuona na kusikia, katika makala ya D. G. Treichler, mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Mobil, ambaye hakutaja zilikopatikana. Baadaye asilimia za mmoja zikapachikwa kwenye mchoro wa mwingine, na kitu kilichotokana na upachikaji huo kikaanza kufundishwa kama sayansi, hata vyuoni, kwa zaidi ya nusu karne.

Msomaji asiyeijua historia hiyo angeweza kuzikataa takwimu hizo kwa kuzitazama tu. Kipimo cha kweli cha kumbukumbu ya binadamu hakitoi kumi, ishirini, thelathini na hamsini kamili, kama bei za sokoni zilizoondolewa senti. Halikadhalika, kusoma kwenyewe ni kuona, hivyo haieleweki kwa nini anayesoma apewe 10 na anayeona apewe 30. Tena kumbukumbu haipimiki bila kutajwa nani aliyepimwa, alipewa kitu gani akikumbuke, na alipimwa baada ya dakika, siku au miezi mingapi, na orodha hiyo haijibu hata moja kati ya maswali hayo. Mwanafunzi wa madrasa anayeihifadhi juzuu nzima kwa kuisoma na kuirudia hana nafasi yoyote katika orodha inayomruhusu kubaki na sehemu moja tu ya kumi. Inasikitisha kwamba watu waliosomea ualimu, ambao kazi yao ni kuwafundisha watoto kudai ushahidi, wanaendelea kuikariri orodha isiyokuwa nao, na wakati umefika wa kuifuta ubaoni.

Ushahidi uliopo unaelekea upande mwingine. Mtafiti wa Israeli Gavriel Salomon alichapisha mwaka 1984 utafiti uliowahusu wanafunzi wa darasa la sita, ambao baadhi yao walitazama kisa katika filamu, na wengine wakasoma kisa hichohicho katika maandishi. Salomon alipima pia kile alichokiita juhudi ya akili, yaani kiasi cha fikra ambacho mwanafunzi anakiwekeza kwa hiari yake katika kitu anachokipokea. Wanafunzi waliiona runinga kuwa nyepesi na maandishi kuwa magumu, na kwa sababu hiyo waliotazama walitumia juhudi ndogo, wakashindwa na waliosoma katika maswali yaliyohitaji kufikiri zaidi ya kile kilichoonekana waziwazi. Tena wale waliojiamini zaidi kwamba wanaimudu runinga ndio waliojitahidi kidogo. Hivyo wepesi wa runinga, ambao mzazi huuhesabu kuwa ndiyo faida yake kubwa, ndio unaomfanya mtoto asishughulishe akili.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kwamba kutazama humpa mtazamaji hisia ya kujua bila kumpa ujuzi. Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba watu waliotazama video ya mtu akirusha vishale kwenye ubao mara 20 walijiamini kuwa wangelenga vizuri kuliko waliotazama mara moja, lakini walipopewa vishale hawakulenga vizuri zaidi. Mtoto anayemtazama mwalimu wa runinga akijumlisha sehemu zenye asili tofauti yuko katika hali hiyohiyo. Kila hatua inaonekana kuwa ya lazima, hakuna inayomshangaza, na kipindi kinapokwisha huinuka akiwa na hakika kwamba ameelewa, kumbe alichokielewa ni kwamba mwalimu anajua. Akipewa sehemu mbili nyingine na penseli, huanza kwa kujumlisha asili na asili. Wazazi wengi huuliza tu kama ameelewa, naye hujibu kwa ukweli wa moyo wake kwamba ameelewa, na mtihani ndio unaokuja kusema vingine.

Zipo asilimia ambazo mzazi anaweza kuzishika, kwa kuwa zimetajwa pamoja na mazingira yake. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi vya maarifa mwaka 2006. Kundi moja lilisoma kifungu katika vipindi vinne, na kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika kila lilichokikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliosoma tu walikumbuka asilimia 83 na waliojipima asilimia 71. Baada ya wiki moja waliosoma tu walibaki na asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Tofauti hiyo haikutokana na picha wala sauti, bali na kitendo cha kulitafuta jambo kichwani baada ya kuyaweka maandishi kando, kitendo ambacho hakuna kituo cha runinga kinachoweza kumfanyia mtoto.

Haya hayana maana kwamba runinga ya masomo haifai, na wanaoipiga marufuku kabisa nyumbani wamekosea kwa upande wa pili. Kipindi cha Sesame Street, kilichoanza Marekani mwaka 1969, kilipimwa tangu miaka yake ya kwanza, na watoto waliokitazama zaidi walionekana kujifunza zaidi herufi na namba. Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014 kwa Kiswahili, kilijengwa juu ya nyimbo na hadithi za hisabati, na watengenezaji wake waliweka maswali ambayo mtazamaji aliyajibu kwa ujumbe mfupi kutoka simu ya kawaida, jambo ambalo wazazi wengi walilichukua kama pambo la kipindi ilhali ndilo lililokuwa na uzito.

Uthibitisho ulio bora zaidi kwamba swali ndilo lenye uzito unatoka kwenye redio, chombo kisichokuwa na picha kabisa, ambacho kwa mujibu wa orodha ile kilitakiwa kushindwa na runinga kwa mbali. Kuanzia mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitengeneza nchini Nicaragua masomo ya hisabati ya redio, ambamo mtangazaji aliuliza swali, akanyamaza sekunde chache watoto wajibu kwa sauti au kwa kuandika, kisha akatoa jibu, na akaendelea hivyo kwa kipindi kizima. Watoto waliofundishwa hivyo waliwazidi wenzao katika mitihani. Mtindo huo, ambao kwa Kiswahili unaweza kuitwa redio ya majibizano, ulitumiwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kufundishia Kiingereza katika madarasa ya chini, na Zanzibar umetumika katika vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo. Kilichofundisha ni ule ukimya wa sekunde chache baada ya swali.

Ndiyo maana yaliyotokea mwaka 2020 hayakupaswa kumshangaza yeyote. Shule zilifungwa mwezi Machi katika Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu ya UVIKO-19, na za Uganda hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Serikali na vituo vya utangazaji vilijitahidi kwa haraka iliyostahili pongezi, na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilirusha masomo kwa runinga na redio. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vipindi vya runinga vya wakati ule katika eneo hili ilikuwa mwalimu aliyesimama mbele ya ubao akieleza, pasipo mtu wa kumjibu. Nyumba isiyokuwa na umeme wala runinga haikupata kitu, na hilo lilisemwa sana na kwa haki. Lililosemwa kidogo ni kwamba nyumba iliyokuwa na vyote viwili, lakini haikuwa na mtu wa kumuuliza mtoto maswali, nayo ilipata kidogo mno.

Mzazi anayetaka runinga imfae mtoto wake ana mambo machache ya kufanya, na hakuna lililo gumu. Kipindi kichaguliwe kwa mada ambayo mtoto anaisoma shuleni katika wiki hiyo au muhula huo, wala si kwa jina la kituo, na kisizidi nusu saa kwa mkao mmoja. Kabla hakijaanza mtoto aambiwe kwamba baadaye ataulizwa, kwa sababu anayejua hivyo hutazama kwa juhudi tofauti. Daftari na penseli viwe mkononi. Kikiwa ni kipindi kilichorekodiwa, kisimamishwe kila baada ya mfano ili mtoto afanye hatua inayofuata kabla ya mwalimu, na kikiwa cha moja kwa moja, sauti ipunguzwe wakati wa matangazo na swali liulizwe hapo. Kikiisha, runinga izimwe papo hapo, isiachwe itiririke kwenye tamthilia, kwa kuwa wanafunzi wanaofanya kazi za shule huku tamthilia ikiendelea hufanya vibaya zaidi na huchukua muda mrefu zaidi. Daftari lifungwe, mtoto aeleze kwa maneno yake, kisha afanye mifano mitatu mipya, na kesho yake aulizwe tena kabla ya kipindi kingine. Watoto wa rika tofauti wasiwekwe mbele ya somo moja, na somo linalotolewa kwa lugha ya kigeni asiyoielewa mtoto lisihesabiwe kuwa somo la sayansi. Pasipo runinga, redio na kitabu chenye mazoezi vinafuata utaratibu huohuo bila kupungukiwa.

Wazazi walioishia darasa la saba, na walezi ambao hawakwenda shule kabisa, huamini kwamba kazi hii haiwahusu kwa kuwa hawalijui somo, na imani hiyo nayo ni potofu. Anayeuliza si lazima ajue jibu. Bibi anayesema "nieleze ulichokiona, na kwa nini iwe hivyo" anamlazimisha mjukuu wake kulitafuta jambo kichwani kwa kiwango kilekile cha mwalimu mwenye shahada, na mtoto anayekwama katikati ya maelezo yake hugundua mwenyewe mahali asipojua, kisha hurudi kwenye kitabu. Dada wa kazi anaweza kuuliza hivyo, na kaka aliyetangulia madarasa mawili anaweza kusahihisha mifano mitatu kwa dakika tano.

Kwa hiyo, likizo ijayo, mzazi atafute kwanza nani ndani ya nyumba atakayemuuliza mtoto, na saa ya kumuuliza, ndipo atafute kipindi. Akikosekana mtu huyo, runinga ya masomo ibaki imezimwa, na mtoto apewe kitabu cha mazoezi chenye majibu kurasa za mwisho.