Msimu wa Maembe Ufukoni mwa Ziwa Mweru: Likizo Fupi Yataka Hesabu

Likizo ni haki ya kila mfanyakazi, lakini katika nyumba ya askari ina uzito zaidi. Ndizo siku chache ambazo watoto humpata mzazi ambaye kwa mwaka mzima amekuwa wa kikosi au wa kituo. Likizo ya siku kumi basi si jambo la kutumiwa ovyo. Familia nyingi huipoteza njiani, au huimalizia hospitalini, kwa kuwa zilifungasha mizigo kabla ya kukaa chini na kupanga.

Kwa familia zilizo Mbeya, Mbozi na Tunduma, ambazo Ziwa Nyasa zimekwisha lizoea, upo mwambao mwingine unaofaa kufikiriwa. Ni ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru nchini Zambia, kuanzia miji jirani ya Nchelenge na Kashikishi hadi Mununga, upande wa kaskazini. Ziwa hilo lina urefu wa zaidi ya kilomita 100, nalo liko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mto Luapula huingia kwa kusini. Kwa kaskazini maji hutoka kwa Mto Luvua, yakaelekea Kongo. Katika ziwa kimo kisiwa kiitwacho Kilwa, jina ambalo Mtanzania hahitaji kufundishwa kulitamka.

EMBE NA JINA LAKE

Miezi ya mwisho wa mwaka, vijiji vya ukanda huo hujaa maembe. Huanza kuiva mwishoni mwa Oktoba, na katika Novemba na Desemba huwa mengi hata mengine huozea chini ya miti kwa kukosa mlaji. Mwembe si mti wa asili ya Afrika. Kwao ni Asia ya Kusini, nao ulifika huku kwa njia ya Bahari ya Hindi. Katika Kibemba, lugha inayosikika sana mwambaoni humo, tunda hilo huitwa iyembe, na yakiwa mengi huitwa amayembe. Msomaji ataona mara moja kwamba neno hilo na neno letu ni ndugu. Katika karne ya 19 misafara ya wafanya biashara wa Pwani ilifika hadi Mweru, na David Livingstone, aliyelifikia ziwa hilo tarehe 8 Novemba 1867, alikuwa akisafiri nao.

Pamoja na embe, miti ya porini huzaa masuku, ambayo watu wa Nyanda za Juu Kusini huyajua kwa jina la makusu. Chakula kikuu cha wenyeji ni ugali, nao katika Luapula mara nyingi ni wa muhogo. Kitoweo ni samaki wa ziwani, wakiwamo chisense, samaki wadogo wanaoanikwa juani kama dagaa wetu.

TAREHE NDIYO SHINA LA MPANGO

Hapa ndipo familia inapopaswa kufanya hesabu. Kila mwaka serikali ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaana. Maembe na samaki wabichi hukutana mezani kwa majuma machache tu, na majuma yaliyo bora ni mawili ya mwisho ya Novemba. Wakati huo embe limekwisha iva, uvuvi bado ni halali, na mvua ndiyo kwanza inaanza, kwa hiyo njia za udongo hazijaharibika.

Lakini shule za Tanzania hufungwa kwa likizo ndefu mwezi wa Desemba. Mzazi mwenye watoto shuleni ana mambo mawili ya kuchagua: ama awatoe watoto darasani kwa ajili ya samaki, ama aende Desemba na kuridhika na maembe, kuku, mboga na ugali. Jibu la mzazi mwenye busara ni dhahiri. Masomo yaliyokosekana wakati wa mitihani hayafidiwi na kitoweo. Novemba ni ya wale ambao watoto wao hawajaanza shule, au wale waliokwisha maliza. Desemba ni ya wengine wote.

Kuna jaribu moja ambalo familia ya askari yapasa kulikataa mapema. Katika miezi ya kufungwa uvuvi hakosekani mtu wa kunong'ona kwamba ana samaki wa siri. Mtu anayelinda sheria nyumbani hawezi kuwa mnunuzi wa magendo ugenini, na watoto wake wakitazama. Tena sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya kuwasumbua watu. Zamani Mto Luapula na Ziwa Mweru vilikuwa na samaki mashuhuri aliyeitwa mpumbu. Alivuliwa kwa wingi akiwa njiani kupanda mto kwenda kutaga mayai, hata katika miaka ya 1940 na 1950 akapungua vibaya, wala wingi wake wa zamani haukurudi tena.

SIKU KUMI ZIGAWANYWE HIVI

Njia ya kutoka Tunduma hupita Nakonde na Kasama, kisha Mporokoso na Kawambwa, ikateremka Mbereshi katika bonde la Luapula, na kufuata ufuko kupita Nchelenge na Kashikishi hadi Mununga. Ni safari ndefu. Familia yenye watoto wadogo itenge siku 3 za kwenda, ikilala Kasama na Kawambwa, siku 4 za kukaa, na siku 3 za kurudi. Anayetaka kubana safari kwa siku mbili atafika na watoto wagonjwa wa uchovu, na siku ya kwanza ufukoni itakuwa ya kulala tu. Kati ya Mporokoso na Kawambwa ipo njia ya kuchepuka kwenda Maporomoko ya Lumangwe katika Mto Kalungwishi. Mapumziko ya nusu siku mahali hapo huwapa watoto jambo la kusimulia shuleni.

Yafaa kukumbuka kwamba saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Asiyezirekebisha atakosana na dereva wa basi. Fedha ni kwacha, na ni afadhali zibadilishwe katika benki au maduka yaliyoidhinishwa kuliko kwa watu wanaozunguka mpakani na mafungu mikononi. Nauli ya kurudi iwekwe mbali na fedha za matumizi tangu siku ya kwanza, katika bahasha yake, na mama au baba aapiwe kutoigusa.

Kwa askari na polisi kuna sharti lililo kubwa kuliko haya yote. Asivuke mpaka bila ruhusa ya mkuu wake wa kazi na bila hati ya kusafiria iliyo halali, wala asichukue sare. Akifika ufukoni, asidanganywe na uzuri wa maji akakodi mtumbwi bila kuuliza unakokwenda. Mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita ndani ya ziwa. Mtumwishi wa jeshi la nchi nyingine akikutwa ng'ambo bila hati, likizo yake imekwisha na maelezo yameanza.

AFYA KABLA YA RAHA

Wilaya ya Nchelenge ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi kabisa nchini Zambia, na ugonjwa huo haupumziki mwaka mzima. Mtoto aliyekulia katika baridi ya Mbeya au Mbozi hana kinga ya kuaminika. Kabla ya kuondoka, wazazi wamwone mganga wa zahanati au hospitali na kuuliza juu ya dawa ya kuzuia malaria, hasa kwa watoto wadogo na mama mjamzito. Kila kitanda kiwe na chandarua chenye dawa kilichotoka nyumbani. Mtoto akipata homa, hata kama ni wakati wa kurudi au majuma kadhaa baada ya kufika nyumbani, apimwe damu siku ile ile, na mganga aambiwe kwamba familia ilikuwa Mweru.

Maji ya ziwa huvutia, lakini kando zake zina konokono wa kichocho, na mamba wamo. Watoto waoge maji ya ndooni, nao wasiachwe peke yao ufukoni hata kwa dakika chache.

Msimu wa maembe ni pia msimu wa kuharisha, kwa kuwa mvua za kwanza huzoa uchafu na kuuingiza katika visima. Mlipuko mkubwa wa kipindupindu nchini Zambia ulioanza Oktoba 2023 ulisambaa katika majira hayo hayo ya mvua. Maji ya kunywa yachemshwe. Maembe yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa kabla ya kumenywa, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mtu akianza kuharisha, apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Kisha apelekwe hospitali bila kukawia. Kwa hiyo katika mzigo wa mama visikosekane chumvi, sukari, sabuni na sufuria ya kuchemshia.

ZAWADI YA KURUDI NAYO

Kila msafiri hutamani kurudi na gunia la maembe. Hata hivyo, matunda mabichi hubeba nzi wa matunda. Aina mpya ya nzi hao kutoka Asia iligunduliwa Kenya mwaka 2003, ikaenea upesi katika nchi nyingi za Afrika na kuwatia hasara wakulima. Ndiyo maana maofisa wa kilimo mipakani hudai cheti. Ni vizuri kuwauliza wakati wa kwenda, na si wakati wa kurudi gunia likiwa begani.

Embe la kukausha ni jepesi kubeba, nalo pia laweza kuulizwa mpakani. Maembe yaliyoiva lakini yangali magumu yamenywe na kukatwa vipande vya unene wa nusu sentimita. Vipande vitandazwe juu ya wavu safi ulioinuliwa kutoka ardhini, na kufunikwa kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi. Jua kali likiwapo, siku 2 au 3 zatosha. Mawingu yakitanda, viingizwe ndani mara moja. Vipande vikipindika bila kutoa maji, vitiwe katika mfuko uliofungwa vizuri. Kazi hii huwafaa watoto wakubwa, nao huweza kuifanya nyumbani pia kila msimu.

Yote haya yanaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa daftari: tarehe, ruhusa, hati, dawa, vyandarua, nauli ya kurudi. Mume na mke waukae ukurasa huo kwa pamoja, mwezi mmoja kabla ya safari, na kila lililotimizwa litiwe alama. Likibaki hata moja bila alama, safari ingoje. Miembe ya Mununga itazaa tena mwakani.