Tyubu Isiyounguza

Jioni moja huko Bigwa, pale inapoanzia barabara ya kwenda Matombo na Kisaki, nilisimama mbele ya duka nikiitazama taa ya tyubu iliyopepesa mara tatu nne kabla ya kutulia, nami, kwa udadisi usiostahiki umri wangu, nikamwomba mwenye duka ruhusa niiguse. Nikaikuta vuguvugu tu, mithili ya kikombe cha chai iliyosahauliwa, ilhali elektroni zilizomo ndani yake zilikuwa na harara ya takriban nyuzi 11,000, ambayo uso wa jua hauifikii.

Siri ni uhaba wa gesi. Ndani ya kioo mna arigoni kidogo, ambayo kanieneo lake halifiki sehemu moja katika mia ya lile la hewa tuivutayo, na mvuke haba wa zebaki. Basi elektroni ivutwapo na umeme hupata uwanja wa kukimbia na kuchuma nguvu kabla ya kugonga kitu. Tungedhani kila mgongano ni hasara, la hasha! Rusha gololi kwenye kinu uone: gololi hurudi mbio, kinu hakitikisiki. Atomi ya arigoni huizidi elektroni uzito zaidi ya mara 70,000, hivyo kuigonga hubadili njia tu, na nguvu inayopotea, kwa wastani, haifiki sehemu moja katika 30,000. Kisha umeme huivuta tena, faida ikazidi kulimbikizana (biashara ya namna hii sijaiona sokoni Morogoro). Radi ya Uluguru ni kinyume chake: hewa imesongamana, migongano haina mapumziko, harara huenea kwa wote, hewa ikavimba ghafla, nasi tukasikia ngurumo.

Elektroni iliyokwisha kupata nguvu ya elektronivolti 4.9, mpaka walioupima James Franck na Gustav Hertz mwaka 1914, ndiyo iwezayo kuitaharukisha atomi ya zebaki, nayo ikitulia hutoa mionzi ya urujuanimno, yenye kuua vijidudu na kudhuru macho, ambayo unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huigeuza kuwa nuru.

Zebaki hiyo ndiyo ya kuogopwa. Tyubu ikivunjika, watoto watolewe, madirisha yafunguliwe kwa robo saa, na vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, kwani ufagio huitawanya zebaki chumbani.

“Na zile, je?” nikamwuliza mwenye duka, nikionyesha tyubu mbili kuukuu, ncha zimekuwa nyeusi, zimeegemezwa nyuma ya gunia la mchele.

“Hizo, mzee, watoto huzichezea upanga.”