Risasi zikilia, mama atajifungulia wapi?

Ukiingia soko la Kongowea asubuhi, kabla jua halijawa kali, utapata kila kitu isipokuwa nafasi ya kupita. Utapata sabuni ya kipande, wembe mpya, uzi, nailoni na leso. Ni vitu ambavyo mama mwenye kikapu cha nyanya huvipita bila kuvitazama mara mbili.

Lakini huo, msomaji, ndio mzigo ambao mashirika ya misaada huwagawia akina mama waja wazito vita vinapozuka: nailoni safi ya kulalia, sabuni ya kunawia, uzi wa kufungia kitovu, wembe wa kukikatia, glavu, na kitambaa cha kumfunikia mtoto.

Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kwenda Goma wala Mogadishu ili tuelewe kwa nini. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuiba bunduki. Katika fujo zilizofuata, zaidi ya watu 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakahama makwao. Maelfu walijazana katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni.

Sasa jiulize: mimba ya miezi tisa husubiri fujo zipoe? Hata siku ya amani, mama wa Likoni anayekimbizwa Hospitali Kuu ya Pwani hutazamia feri. Sisi wa Kongowea tuna daraja la Nyali, lakini daraja nalo hufungika watu wakiogopa kutoka nje.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kuwa mama mwenye matatizo ya uzazi huuawa na kuchelewa kwa aina tatu. Kwanza, nyumbani wanachelewa kuamua. Pili, njiani anachelewa kufika. Tatu, akishafika, anachelewa kuhudumiwa. Vita huzidisha yote matatu: mume yuko mafichoni, matatu hazitembei, na daktari naye amekimbia.

Hapa ndipo tusidanganyane. Wembe safi na sabuni huzuia uchafu kuingia mwilini, lakini haviwezi kumwokoa mama anayevuja damu, mwenye kifafa cha mimba, au ambaye mtoto amekwama. Huyo anahitaji mkunga aliyesomea, dawa, damu na chumba cha upasuaji. Sindano ya oksitosini, inayozuia damu kuvuja, hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika, inaharibika. Ndiyo sababu vidonge vya misoprostoli, visivyohitaji jokofu, vina thamani kubwa kambini.

Mtoto njiti naye ana dawa isiyohitaji umeme. Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, Colombia, walipopungukiwa na mashine za kuwatia joto watoto, waliwafunga kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Leso moja yatosha.

Wako waliokataa kukata tamaa. Hospitali ya Lemera, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa mwaka 1996. Daktari wake, Denis Mukwege, alianzisha Hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999, nia yake ikiwa ni kupunguza vifo vya akina mama. Vita vikamletea pia maelfu ya wanawake waliobakwa. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Na wewe nyumbani? Usingoje king'ora. Mimba ikifika mwezi wa saba, weka nauli kando. Mjue jirani mwenye gari atakayekubali kuamshwa usiku. Tafuteni ndugu wawili wa kutoa damu. Jueni kituo cha afya mnachoweza kufika bila kuvuka maji wala daraja. Mfuko wa mtoto ufungwe mapema. Na mume asiachiwe peke yake neno la "twende". Akiwa hayupo, mama mkwe au jirani aamue.

Wembe na sabuni Kongowea vipo. Njia ya kufika hospitali ndiyo isiyouzwa sokoni.