Chapa, Hereni au Chipu: Alama Ipi Itamlinda Mfugaji wa Ruvuma?

Na Mwandishi Wetu, Songea

Kundi la ng'ombe likiingia shambani usiku katika Wilaya ya Tunduru au Namtumbo na kumaliza mahindi yaliyokaribia kuvunwa, asubuhi mkulima hukuta nyayo za kwato na mabua yaliyokanyagwa. Hata akifaulu kuwakamata wanyama wawili watatu na kuwafikisha kwa mtendaji wa kijiji, swali la kwanza huwa lilelile: ng'ombe hawa ni wa nani? Mnyama asiye na alama hana mwenyewe mpaka atokee mtu wa kumdai, na siku ya kulipa fidia wadai huwa wachache. Mnyama huyohuyo akiibwa na kufikishwa mnadani, wanaosema ni wao huweza kuwa wengi.

Swali hilo ni jipya kiasi katika Mkoa wa Ruvuma. Kwa miaka mingi mkoa huu ulijulikana zaidi kwa mahindi, kahawa ya Mbinga, korosho za Tunduru na tumbaku ya Namtumbo, kwa kuwa sehemu kubwa ya misitu yake ya miombo ilikuwa makazi ya mbung'o, na ng'ombe hawakustawi humo. Hali ilianza kubadilika hasa baada ya mwaka 2006, wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu, na wengi wao wakaelekea mikoa ya kusini. Leo kundi moja la mifugo linaweza kupita katika vijiji vya halmashauri zaidi ya moja kwa msimu, na kusini mwa mkoa upo Mto Ruvuma, ambao ng'ambo yake ni Msumbiji. Kumtambua mnyama kwa rangi, pembe na mwendo wake, kama wazee walivyozoea, kunamtosha mwenye zizi lake. Hakumtoshi polisi, wala hakimu, wala daktari wa mifugo anayetafuta chanzo cha ugonjwa.

Tanzania ilikwisha kulitungia jambo hili sheria. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, Na. 12 ya mwaka 2010, inaweka msingi wa kumtambua kila mnyama, kumsajili mmiliki wake na kufuatilia nyendo zake. Maneno hayo matatu ya jina la sheria yana maana tatu tofauti. Alama iliyo mwilini ni utambuzi tu. Usajili na ufuatiliaji viko katika daftari, na makala haya yatarejea huko baada ya kuzitazama alama zenyewe.

Iliyo kongwe kuliko zote ni chapa ya moto. Chuma chenye herufi au namba hupashwa moto mpaka kiwe na rangi ya jivu, kisha hukandamizwa juu ya ngozi kwa sekunde chache. Joto huunguza ngozi na mashina ya manyoya, na kovu linalobaki halioti manyoya tena. Chuma kisichopata moto wa kutosha humtesa mnyama bila kuacha alama inayosomeka. Kilichoshikizwa kwa muda mrefu mno huacha kidonda kipana ambacho herufi zake huvurugika. Ndama akichomwa mapema, chapa hukua pamoja naye.

Nguvu ya chapa ni kwamba husomeka kwa macho na kwa mbali, haihitaji umeme wala mtandao, na haidondoki. Mwizi hawezi kuing'oa kwa kisu akiwa porini. Ndiyo maana Serikali iliitumia katika zoezi kubwa la kitaifa la mwaka 2017, ambapo halmashauri zilitakiwa kukamilisha upigaji chapa wa ng'ombe kabla ya tarehe 31 Desemba, muda ambao baadaye uliongezwa hadi tarehe 31 Januari 2018.

Udhaifu wake nao ni bayana. Chapa haibebi habari nyingi. Inaweza kusema ng'ombe ametoka halmashauri gani na pengine ni wa mfugaji gani, lakini ni vigumu kuitumia kumpa kila mnyama namba yake pekee katika taifa lenye mamilioni ya ng'ombe. Herufi pia hughushiwa: mstari mmoja wa ziada huigeuza C kuwa O, na P kuwa R. Maumivu ni makali, na kidonda huchukua wiki kadhaa kupona.

Halafu iko hasara ambayo mfugaji haioni kwa sababu haitokei zizini kwake. Ngozi bora ya ng'ombe kwa viwanda ni ile ya mgongoni, ubavuni na sehemu ya juu ya paja, na huko ndiko watu wengi hupenda kupiga chapa kubwa ili ionekane. Kovu hilo haliondoki kiwandani. Kipande chote hukatwa na kutupwa, au ngozi nzima hushushwa daraja. Chapa ikibidi kupigwa, mahali pasipoharibu thamani ya ngozi ni sehemu ya chini ya mguu au shavuni. Ni jambo dogo ambalo haligharimu hata shilingi moja, na inasikitisha jinsi linavyopuuzwa.

Ipo pia chapa ya baridi, iliyobuniwa na daktari wa mifugo R. Keith Farrell katika Jimbo la Washington, Marekani, na kutangazwa mwaka 1966. Chuma hupozwa katika naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri, kisha huwekwa juu ya ngozi iliyonyolewa. Baridi huua chembe zinazoyapa manyoya rangi, nayo manyoya huota tena yakiwa meupe. Maumivu hupungua na ngozi haiharibiki sana. Kwa ng'ombe weusi au wa hudhurungi alama hupendeza na kusomeka vizuri. Kwa mweupe haionekani mpaka chuma kiachwe muda mrefu zaidi ili kiue mashina ya manyoya yenyewe. Naitrojeni ya kimiminika si ngeni kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa ndiyo inayohifadhi mbegu za uhimilishaji, ila hutoweka kwa mvuke kila siku na kuifikisha kijijini ni kazi. Njia hii inafaa shamba lenye ng'ombe bora wachache. Haiwezekani kwa mifugo ya porini.

Kwa wanyama wadogo, mfugaji wa nguruwe katika vijiji vya Songea na Mbinga hufaidika zaidi na njia ya kukata pembe za masikio, ambapo kila nafasi ya mkato ina thamani ya namba na jumla yake hutoa namba ya mnyama. Ni rahisi na haidondoki. Chale za wino ndani ya sikio nazo hudumu, lakini ni lazima mnyama ashikwe ndipo zisomwe, na kwenye sikio jeusi wino mweusi hauonekani.

Hereni za kielektroniki ndizo Serikali inazozitegemea sasa. Ndani ya hereni kuna chipu isiyo na betri. Kisomaji kinapoikaribia, huiamsha kwa mawimbi ya redio, nayo hujibu kwa kutaja namba yake. Viwango vya kimataifa vinataka namba hiyo iwe na tarakimu 15, ambapo tatu za kwanza huweza kuwa namba ya nchi. Ya Tanzania ni 834. Kwa hiyo kila mnyama anapata namba ambayo hakuna mwingine aliye nayo duniani. Namba hiyo huunganishwa na jina la mfugaji, kijiji, jinsia ya mnyama, chanjo alizopata na mauzo yake.

Zoezi la hereni lilipoanza kutekelezwa, bei iliyotangazwa ilikuwa Shilingi 1,750 kwa ng'ombe na punda, na Shilingi 1,000 kwa mbuzi na kondoo. Wafugaji walilalamika, na mwenye macho anaelewa sababu: kwa mtu mwenye ng'ombe 200 hiyo ni Shilingi 350,000 kabla hajaona faida yoyote. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Bariadi, Mkoa wa Simiyu, mwezi Juni 2025, imeliendea suala hilo kwa njia nyingine. Hereni hutolewa bila malipo, na mnyama huvishwa anapochanjwa, huku bei ya chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe na ya sotoka ya mbuzi na kondoo ikipunguzwa kwa ruzuku. Mfugaji anakuja kwa ajili ya chanjo anayoihitaji, anaondoka na mifugo iliyosajiliwa.

Hereni, hata hivyo, si ya kudumu kwa maana halisi ya neno hilo. Katika vichaka vya miombo hunasa na kurarua sikio. Mwizi naye huitoa kwa dakika moja. Sehemu ya upotevu huo hutokana na uvishaji wenyewe. Hereni inapaswa kukaa katikati ya sikio, kati ya mishipa mikubwa miwili. Ikiwekwa karibu mno na ncha huning'inia na kunasa, ikiwekwa karibu mno na kichwa hubana na kuoza. Koleo lisafishwe kwa dawa kati ya mnyama na mnyama, na kazi isifanyike msimu wa nzi wengi iwapo inawezekana kusubiri.

Je, chipu ikifichwa mwilini? Njia ni mbili. Ya kwanza ni chipu ndogo kama punje ya mchele, inayodungwa chini ya ngozi kwa sindano. Inafaa farasi, mbwa na ngamia wa mbio wa nchi za Ghuba, wanyama wa thamani kubwa wasiokusudiwa kuchinjwa. Kwa ng'ombe wa nyama ina hatari ya kuhama mahali ilipodungwa na kuishia kwenye sahani ya mlaji. Ya pili ni bolasi, kidonge kizito cha kauri chenye chipu ndani, ambacho mnyama humezeshwa nacho hutuama tumboni kwa uzito wake maisha yote. Hakinasi kichakani na mwizi hawezi kukitoa bila kuchinja. Botswana, inayouza nyama Ulaya, iliichagua njia hii kwa ng'ombe wake wote, kisha baadaye ikahamia kwenye hereni. Kasoro ya bolasi ni kwamba kwa nje hakuna kinachoonekana: mwanakijiji anayemkuta ng'ombe shambani mwake bila kisomaji hajui lolote.

Ngamia, ambaye nchini hufugwa hasa katika mikoa ya kaskazini kama Arusha, anaonyesha vyema kwamba umbile la mnyama nalo lina sauti. Masikio yake ni madogo yenye manyoya, na hereni haikai vizuri. Ndiyo sababu wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na Waarabu wa jangwani wamebaki na chapa ya shingoni, shavuni au pajani. Waarabu huiita wasm, na mtu wa ukoo mmoja huitambua ya ukoo mwingine kwa mbali.

Teknolojia inaleta na njia nyingine. Mikunjo ya pua ya ng'ombe haifanani kati ya mnyama na mnyama, kama alama za vidole vya binadamu, mtafiti W. E. Petersen wa Marekani aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1922, na sasa kamera ya simu inaweza kuisoma. Vipimo vya vinasaba navyo humaliza ubishi mahakamani. Kwa sasa hizi ni njia za kuthibitisha, si za kila siku josho.

Kwa mazingira ya Ruvuma, mwandishi haoni sababu ya kuzishindanisha chapa na hereni kana kwamba moja lazima imwondoe mwenzake. Chapa inayosomeka, iliyopigwa mahali pasipoharibu ngozi, inamsaidia jirani na askari kujua kundi ni la wapi. Hereni inamsaidia daktari wa mifugo na mnunuzi kujua mnyama ni yupi. Mfugaji ambaye ng'ombe wake walikwisha kupigwa chapa hana haja ya kuwachoma tena, bali awavishe hereni juu ya chapa waliyo nayo.

Kinachobaki ni daftari. Nchi za Umoja wa Ulaya, zilipotikiswa na ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, hazikuishia kwenye hereni mbili kwa kila ng'ombe. Ziliongeza hati ya kusafiria ya mnyama na kanzidata ya kila nchi. Ng'ombe aliyevishwa Madaba akauzwa Tunduru bila mauzo kuandikwa, bado kwenye mfumo ni wa mtu wa Madaba, naye ndiye atakayetafutwa mahindi yakiliwa.

Mfugaji anapouza, kununua, kuchinja au kufiwa na mnyama, anatakiwa kumjulisha afisa mifugo wa kata ili kumbukumbu irekebishwe, na anaposafirisha mifugo awe na kibali. Hereni ikidondoka, afisa huyo ataweka nyingine na kuiunganisha namba mpya na ile ya zamani, mradi mfugaji awe ameiandika namba hiyo mahali nyumbani kwake.