Zamu za Wiki 13

Nchini Marekani kuna wauguzi wasio na wodi ya kudumu. Hospitali ikipungukiwa watu, wakala huwatafutia nafasi kwa mkataba ambao mara nyingi ni wa wiki 13. Ukiisha, muuguzi huongeza muda au hufunga mizigo kwenda jimbo jingine.

Leseni ndiyo mlango. Aliyesomea Kenya au Tanzania hana budi vyeti vyake vikaguliwe, afaulu mtihani wa NCLEX na apate kibali cha kufanya kazi. Majimbo zaidi ya 40 yanatambuliana leseni kwa mkazi wa mojawapo. California, yenye kazi tele, haimo.

Mawakala wengi hutaka pia uzoefu wa mwaka mmoja au miwili wodini, na wana haki. Mgeni huonyeshwa mfumo wa kompyuta, kabati la dawa na toroli ya dharura, pengine kwa zamu moja tu, kisha anakabidhiwa wagonjwa.

Malipo yanavutia. Sehemu yake ni posho ya makazi, isiyokatwa kodi iwapo muuguzi anagharimia nyumba yake ya kudumu kwingineko. Ila hospitali inaweza kuvunja mkataba katikati, naye akabaki na kodi ya pango, jambo ambalo matangazo ya kazi hayalisemi kwa sauti.