Pijo la Mutomo na Haki ya Warithi

Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Sisi watu wa pwani twaijua methali hii tangu utotoni, lakini ikifika zamu ya magari twaisahau. Gari likichakaa huachwa nyuma ya nyumba, kuku wakataga ndani yake, mpaka siku apite mnunuzi wa vyuma vikuukuu na mizani yake.

Ndugu msomaji, leo nataka kukueleza habari za gari moja lililonusurika na mizani hiyo. Ni Peugeot 504, lile lenye mgongo mrefu ambalo abiria wa zamani waliliita pijo. Lilikaa miaka 14 chini ya mwarobaini karibu na Mutomo, huko Kitui.

Mwenyewe alikuwa marehemu ami yangu. Alitoka Mombasa akaenda Ukambani kuuza vitambaa na sukari, akaoa huko na akazikwa huko. Safari hiyo si ngeni. Kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa na pembe za ndovu. Mkubwa mmoja wa biashara hiyo, Kivoi, ndiye aliyempokea Krapf huko Kitui mwaka 1849, na ni kutoka huko Krapf alikouona Mlima Kenya. Ami yangu alifuata njia ya wazee.

MZALIWA WA MOMBASA

Gari lenyewe nalo lina nasaba ya pwani. Aina ya 504 ilitokea Ufaransa mwaka 1968, lakini nyingi za hapa Kenya ziliunganishwa Mombasa. Vipande vilikuja kwa meli, na mafundi wa kwetu wakavifunga kimoja kimoja mpaka likawa gari. Kazi ya kuunganisha 504 iliendelea humu nchini hadi mwaka 2004.

Sifa yake si ya maneno matupu. Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 nyingine mwaka 1978. Mawe na tope vya mashindano hayo vilitosha kuwa shahidi.

KWANZA HAKI

Tatizo la kwanza halikuwa injini. Daftari la gari lilikuwa bado na jina la marehemu. Vijana wake wawili walikwisha kuzungumza na mnunuzi wa vyuma. Dada yao mkubwa akakataa katakata. Gari hilo ndilo lililompeleka shule, na sasa aliona litambebea mama yake maji, na mahindi siku ya soko. Ndugu wakaacha kusalimiana.

Nilipoitwa kusuluhisha, niliwaambia spana zingoje. Mali ya maiti hulipa kwanza maziko, madeni na wasia. Kinachobaki ndicho mirathi. Tukaenda kwa Kadhi. Wazazi wa marehemu walikuwa wametangulia, hivyo mjane alipata thumuni yake, na baki ikawa ya watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Gari likathaminiwa kwa bei ya chuma. Binti akawalipa ndugu zake haki yao taslimu, na mama akamwachia fungu lake kwa hiari, mbele ya mashahidi. Tangu siku hiyo hapakuwa na wa kusema amedhulumiwa.

LIMELALA, HALIJAFA

Fundi tulimpata Kibwezi, upande wa Makueni. Mzee wa Kikamba aliyejifunza kazi juu ya magari haya haya. Alilizunguka bila kusema neno, kisha akagonga bati la chini kwa bisibisi. Likalia sawasawa. Akacheka: "Bwana, hili limelala, halijafa."

Sababu ni hewa kavu ya Ukambani. Kwetu pwani chumvi ya bahari hula bati usiku na mchana. Lingekaa miaka hiyo yote Mji wa Kale, tungezoa kutu kwa beleshi. Hata hivyo, jua lilikuwa limepasua mipira yote, panya wametafuna nyaya, na nyigu wamejenga kwa udongo ndani ya mabomba.

Vijana walitaka kulisukuma liwake. Mzee akakataza. Alitoa plagi zote nne, akatia mafuta mepesi katika kila silinda, akaiacha injini siku mbili. Ndipo akaizungusha kwa spana, kidogo mbele, kidogo nyuma. Injini iliyoshikwa na kutu ikilazimishwa, ringi za pistoni huvunjika na kukwaruza silinda.

Silinda moja ilikutwa imeliwa. Hapo nikaona hekima ya waliolibuni gari hili: silinda zake ni za kuchopoa, hutolewa na kutiwa mpya bila kuchonga injini nzima. Tukalipakia juu ya lori, tukavuka mto Athi kwa barabara mpya ya lami mpaka Kibwezi. Vipuri vingine vilitoka Mombasa, vingine barabara ya Kirinyaga huko Nairobi.

Mzee alianza na breki. Akabadilisha mipira, mabomba na silinda za magurudumu, na hakukubali injini iwashwe kabla ya kazi hiyo kwisha. Gari linalokwenda lisiloweza kusimama, alisema, ni jeneza. Kisha tangi likaoshwa kwa changarawe, kabureta ikasafishwa, nyaya zikafungwa upya.

Siku ya kuwasha, binti alisoma Bismillahi akageuza ufunguo. Mara ya tatu injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, kisha ikatulia. Baada ya ukaguzi na bima, pijo likarudi Mutomo kwa miguu yake.

Sitaficha kwamba gharama ilipita bei ya chuma mara nyingi, na si kila gari la zamani linastahili gharama hiyo. Lililooza mbavu, liache liende. Lakini kama nyuma ya nyumba yako lipo moja lililoachwa na marehemu, usiharakie mizani. Waite kwanza warithi, kila mmoja apate haki yake. Kisha mwite fundi, alipige bati na kulisikiliza.