Nzi wa Maembe na Haki ya Jirani



Maembe ya msimu mkubwa yameanza kunenepa mitini, na tayari tumeulizwa baada ya sala, zaidi ya mara moja, ni dawa gani ya kupiga ili funza wasiingie. Nyumba nyingi hulijibu swali hilo kwa kwenda dukani na kurudi na chupa. Tunawaomba ndugu zetu wasubiri kidogo kabla ya kuifungua.

Funza anayeonekana ndani ya embe ni mtoto wa nzi wa matunda. Wako nzi wenyeji wa jamii hiyo tangu zamani, lakini aliyetuharibia zaidi ni yule mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003. Nzi jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kuiva, akataga mayai chini yake, akaenda zake. Mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na funza wakaanza kula kuelekea kokwani. Anayenyunyiza dawa wakati huo huwa ananyunyizia ganda tu. Funza yumo ndani, salama.

Na dawa haibaki mtini. Mwembe wa uani huwa mrefu kuliko paa, na kinachonyunyizwa juu yake hutua kwenye mabati, na mabati ndiyo yanayotuletea maji ya mvua tangini, maji ya kunywa na ya kutawadhia. Hutua pia kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye kuku, na upande wa pili wa ukuta. Baya zaidi, dawa hizi hugawanywa kidogo kidogo na kutiwa katika chupa za soda zisizo na maandishi yoyote, na mtoto mwenye kiu hana elimu ya kutofautisha. Mafakihi wametuwekea msingi kwamba haifai kudhuru wala kudhuriana. Hatuoni vipi anayeweka sumu katika chupa ya soda jikoni anaweza kujitoa katika msingi huo, hata kama nia yake ilikuwa maembe.

Tiba kubwa iko chini ya mti. Embe lililoanguka mara nyingi limebeba funza. Likiachwa lioze hapo, funza hutoka, wakajichimbia udongoni sentimita chache, wakageuka nzi. Tangu yai hadi nzi mpya anayetaga ni kama mwezi mmoja, na jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 katika uhai wake. Basi maembe yaokotwe kila siku na yafukiwe. Shimo la kina cha kiganja halitoshi, kwani nzi mpya huupenya udongo mwepesi. Yashuke dhiraa moja, karibu sentimita 50, na udongo ushindiliwe. Mjini, ambako ua mzima ni saruji, pipa kuukuu la plastiki lenye kifuniko kinachobana, likiachwa juani majuma mawili, huwaua funza kwa joto. Kuyatupa kwenye jaa la mtaa ni kuwahamisha nzi tu.

Mapera na kungu yahesabiwe pia. Mkungu tunaoupenda kwa kivuli chake huwalisha nzi hawa wakati maembe yamekwisha, na ni nadra kuona mtu akiziokota kungu zake.

Katika maduka ya pembejeo za kilimo huuzwa mitego yenye kivutio. Inafaa, ila ile ya kawaida humnasa dume peke yake. Madume wa ua wa pili wakibaki, majike huendelea kutaga.

Yuko msaidizi mwingine ambaye watu humpiga vita kwa mafuta ya taa: maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Maji moto huwinda wadudu mtini usiku na mchana, na nzi wa matunda huepuka kutaga kwenye embe walikopita. Minazini pia humfukuza kunguni anayefyonza vidaka vikapukutika. Ni kweli wanauma, na ni kweli hufuga wadudu gamba, ambao utamu wao huacha weusi juu ya majani. Mchumaji ajipake jivu mikononi au atumie upembo. Tukumbuke pia hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuhusu Nabii aliyeumwa na chungu mmoja akaamrisha kijiji chao kichomwe, na Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuuteketeza umma unaomsabihi.

Linabaki jambo zito kuliko yote. Nzi huyu hajui ukuta. Nyumba moja ikiokota na tisa zisiokote, ile moja imejichosha. Tawi letu linapovuka kwa jirani, embe linaloanguka kwake ni juu yetu kwenda kuliokota, kwa idhini yake, na yale mazuri tumwachie ale. Jibril alimuusia Mtume wetu (s.a.w.) juu ya jirani mpaka akadhani atamrithisha; sisi tunamrithisha funza.

Miembe ya wakfu ndiyo iliyosahauliwa zaidi. Kila mtu hula matunda yake, na hakuna anayejiona na jukumu la kuokota yaliyooza, hata uwanja wa msikiti ukawa kitalu cha nzi wa mtaa mzima. Tunapendekeza kila kamati ya msikiti ichimbe shimo lake kabla ya msimu kukolea, na wanafunzi wa madrasa wapewe robo saa baada ya darsa ya Alasiri, kwa zamu, pamoja na ndoo na mwalimu wa kuwasimamia.

Kuhusu chonga wa minazi, ambaye wasomaji wetu wa Kilifi wametuulizia, tutaandika juma lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.